Beseni ya bitumbula mbele ya lango



Siku ya Mungu moja, kisha ibada, bwana mumoja na bibi yake walinisimamisha chini ya muembe wa kanisa. Hawakuwa wakigombana. Lakini wewe uliyeoa unajua, kuna kunyamaza kwa watu wawili kunakopita kelele. Bwana alikuwa akifanya kazi kwa kampuni ndogo, moja ya zile zinazotumikia kampuni kubwa za shaba na kobalti. Mukataba wake ulimalizika mu mwezi wa sita, hawakumupa mwingine. Watoto wao wadogo wanaendelea na masomo, kwa maana tangu mwaka 2019 shule za musingi za serkali hazilipwi tena. Lakini binti yao mukubwa yuko sekondere, na alikuwa amekaa nyumbani juma la pili juu ya feza ya masomo.

Bwana ndiye alianza kusema: "Muzee, bibi yangu anataka kukala mbele ya lango na beseni ya bitumbula. Mi nilikatala. Bantu batasema nini? Batasema, angalia ule bwana, alishindwa kulisha nyumba yake."

Bibi alingoja amalize, kisha akasema pole pole: "Mi nilisikia mafundisho, balisema mutu anayefikiri vizuri njo atafika. Mi ninafikiri vizuri kila siku, Muzee. Lakini asubui nikiamuka, roho inaogopa. Sasa nifikiri namna gani tena?"

Sikuwajibu pale pale. Niliwaambia waje kwangu siku ya tatu magaribi, na binti alete daftari yake. Yale tuliyoongea siku ile ndiyo ninakuandikia wewe leo, kwa sababu najua nyumba yenye kunyamaza vile haiko moja tu mu miji yetu.

Tuanze na hayo mawazo mazuri. Mafundisho haya si mapya. Mwaka 1952 muchungaji mumoja wa Marekani, Norman Vincent Peale, alitoa kitabu juu ya nguvu ya kufikiri vizuri. Kitabu kile kilitafsiriwa mu luga nyingi, mu Kifaransa pia, na leo watu wengi wanarudilia mafundisho yake pasipo kujua jina lake. Mimi ninakubali nusu. Ni kweli, mutu anayesema "siwezi" kila asubui hatawasha mbabula. Anashindwa mbele ya kuanza. Lakini wazo halikandi unga. Nimeona ndugu waliofikiri vizuri sana, wakaona mu roho zao magari na nyumba za gorofa, na hawakujua bei ya kilo moja ya sukari. Ile si mawazo mazuri, ile ni kulota macho wazi.

Kwangu mimi, kufikiri vizuri ni kuacha kuhesabu vile vilivyokwenda, na kuanza kuhesabu vile vilivyobaki. Unaona, pande zote mbili kuna kuhesabu.

Acha nikutolee ushuhuda wangu, hata kama unanipatisha haya. Mwaka 1993 nilikuwa mutumishi, ninakaa mu nyumba ya kampuni. Mushahara ulikuwa ukichelewa miezi mitatu, mine, na siku unafika, feza imekwisha kufa njiani. Mwaka ule ndio serkali ilileta zaire mupya, moja ikawa sawa na 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 mambo yakageuka tena, falanga moja ya Kongo ikachukua pahali pa zaire mupya 100,000. Wale walioficha feza chini ya kitanda walibaki na makaratasi. Basi mu siku zile bibi yangu alinilomba ruhusa ya kuuza munkoyo mbele ya nyumba. Nilikataa. Nilimwambia, "Bibi ya mutumishi hauzishi ku barabara." Alinyamaza. Mimi nikazani nimeshinda.

Kila magaribi nilikuta bukari mezani. Kidogo, lakini iko. Siku zingine na ndagala, siku zingine na sombe. Sikuuliza. Mwanaume akiwa na njaa hapendi kuuliza. Miezi ikapita vile, mpaka siku moja nilipita kwa jirani kutafuta nyundo, nikamukuta bibi yangu nyuma ya nyumba ya yule mama, amekaa na ndoo ya munkoyo na vikombe viwili, anamupimia mutoto wa shule. Nilipandisha sauti. Majirani wakatoka kuangalia. Yeye hakusimama. Alimaliza kumupimia yule mutoto, akapokea feza yake, kisha akaniangalia na kusema: "Baba, ile bukari ulikula jana, bunga ilitoka wapi?"

Mpaka leo sijapata jibu. Kesho yake saa kumi na moja ya asubui nilibeba bidoni mbili, nikaenda kuchota maji ya munkoyo. Jirani mumoja alinicheka. Haikupita miezi miwili, yeye aliyecheka alikuja kulomba munkoyo kwa kredi.

Nilimwambia yule bwana jambo hili lote, na niliona macho yake yanaanguka chini. Haya hii ya wanaume wetu iko na mizizi. Wazee wetu walipoitwa kuchimba shaba, walikuta kampuni inayotoa nyumba, hospitali, shule, na posho ya unga kwa bibi na watoto. Watu wakasema kampuni njo baba, njo mama. Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Universite ya Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za watumishi wa Katanga, na anawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Mu mwezi wa tisa mwaka 1990 chimbo la Kamoto liliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tone 400,000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980, ilishuka mpaka chini ya tone 50,000 mu miaka michache tu. Mwaka 2003 na 2004 watumishi zaidi ya 10,000 walitoka, kila mutu na bahasha yake. Wewe uliyekuwa mukubwa siku zile uliona kwa macho yako. Wengine walinunua gari ya teksi, wengine walipandisha kiwanja cha bia, wengine walifanya biashara ya mupaka pale Kasumbalesa. Wazo lilikuwa kubwa na bahasha ilionekana kubwa. Gari likafa, bia ikanywewa na marafiki kwa kredi. Na mu nyumba zile zile, nani alilisha watoto? Mama aliyekuwa na shamba kidogo nje ya muji, na mama mwenye beseni. Sikumbuki hata mumoja aliyefunga beseni yake sababu injini imekufa.

Basi nilimuuliza yule bibi: mu nyumba yenu kunabaki nini? Swali hili sikulitunga mimi. Mu Biblia, Wafalme wa Pili sura ya 4, kuna mujane aliyeachiwa madeni, na mudai anataka kuchukua watoto wake wawili. Nabii Elisha anamuuliza juu ya kile kilicho ndani ya nyumba, na mama anasema hana kitu isipokuwa mafuta kidogo mu chombo. Muujiza wa mafuta tunauhubiri kila mwaka. Lakini mambo mawili tunayapita mbio. La kwanza, mama yule alikopa vyombo kwa majirani, hakukopa feza. La pili, mafuta yalipojaa, nabii alimuagiza auze, alipe deni, na yeye na watoto wake waishi kwa yale yanayobaki. Deni mbele, kula nyuma. Ile ni hesabu, wapenzi, hata katikati ya muujiza.

Bibi alianza kujibu kama yule mujane: "Hakuna kitu." Kisha binti ndiye aliyeanza kutaja. Kuna mbabula. Kuna sufuria kubwa ya arusi inayolala chini ya kitanda. Kuna mabeseni mawili. Kuna lango linaloangalia njia, na mu njia ile asubui wanapita wanafunzi, kisha watumishi wanaongoja bisi za kampuni. Kuna binti mwenye kujua hesabu. Nikawaambia, kumbe muko na nusu ya kazi tayari. Kinachokosekana ni feza ya unga ya siku moja na ruhusa ya bwana. Bwana hakusema kitu, lakini alielewa ya kwamba hii ya pili ndiyo ilikuwa ya bei kali.

Tukafungua daftari. Bei ninazokuandikia hapa ni mufano tu. Wewe weka bei ya soko yako, maana unga wa Kipushi na unga wa Kolwezi hawana bei moja, na bei ya leo si ya kesho.

Tuseme unga wa ngano kilo 2, falanga 6,000. Sukari kidogo, 1,000. Levire na chumvi, 500. Mafuta, litre moja 5,000, lakini nusu itabaki ya kesho, basi andika 2,500. Makala, 1,500. Hii makala wanawake wengi wanaisahau, kwa sababu wanaitoa mu mufuko wa kupikia nyumba. Jumla 11,500. Kilo 2 za unga, kama hukati vipande vikubwa vya kujionyesha, zinatoa bitumbula karibu 80. Kitumbula kimoja kinakugarimu karibu falanga 144. Ukiuza 200, utapata 16,000. Toa 11,500, unabaki na 4,500.

Hapa bibi alicheka mara ya kwanza tangu siku ya Mungu. Nikamwambia, ngojea, mama.

Watoto wanne wa nyumba wamekula viwili viwili, ni 8. Dada ya bwana alipita kusalimia, ukamupa 4, maana huwezi kumuacha aende mikono mitupu. Vingine 4 viliungua, bado hujazoea moto. Jirani alichukua 8, akasema atalipa kesho. Jumla ni 24. Kwa bei ya 200, ni falanga 4,800. Mu mukono wako sasa kuna 11,200, na ulitumia 11,500. Uliamuka saa kumi ya usiku, ulivuta moshi, ulikaa mu baridi, na ulilipa falanga 300 ili uuzishe.

Kulikuwa kimya. Bwana, ambaye tangu mwanzo alikuwa akiangalia ukuta, alivuta daftari kwake, akarudilia hesabu toka juu mpaka chini na kidole. "Kumbe njo vile bamama banakula kapitali pasipo kujua," akasema. Nilijua pale ya kwamba mulango umefunguka. Ku kazi yake alikuwa muandishi wa mifuko, anajua tofauti ya mufuko uliohesabiwa na mufuko uliosahauliwa.

Sitaki kukuambia watoto wasikule. Mutoto anasikia harufu ya mikate mu nyumba saa kumi na moja, halafu aende shuleni tumbo wazi? Hapana. Lakini ile 8 ni chakula cha nyumba, na nyumba inapashwa kuilipa. Ndiyo maana mama wengi waliodumu mu kazi hii wako na mikebe miwili. Mukebe mumoja ni wa beseni: unga, sukari, mafuta, makala ya kesho. Mukebe wa pili ni wa nyumba, na ndani yake inaingia ile inayobaki tu, kisha ule wa kwanza kujaa. Kila magaribi, mbele ya kulala, 11,500 inarudi mu mukebe wa kwanza. Ikikosa hata 500, usilale pasipo kujua ilikwenda wapi.

Bibi aliuliza swali ambalo hata wewe ungeliuliza: "Na mutoto akiugua usiku, Muzee? Niache feza mu mukebe na mutoto anawaka moto?" Nilimujibu kwamba hakuna mutaji unaopita mutoto. Chukua, kimbia hospitali. Lakini andika mu daftari, na bwana ajue ya kuwa nyumba iko na deni kwa beseni, na deni lile litalipwa kidogo kidogo mbele ya kununua kitu kingine, hata nguo ya sikukuu. Biashara nyingi zinakufa kwa sababu ugonjwa ulipokwisha, hakuna aliyekumbuka kurudisha. Ugonjwa wenyewe hauzimalizi vile.

Kuna mambo mengine yanayohusu miji yetu ya machimbo, yasiyoandikwa mu vitabu vya Marekani. Mu miji hii feza ina pumzi yake. Juma la mushahara watu wanakula hata pasipo njaa. Wanaokanda kilo 2 wanaweza kukanda 4. Tarehe 20 hivi, barabara ni kavu. Mama asiyejua jambo hili anakanda sawa siku zote, na mu siku kavu anabaki na beseni nusu, anaanza kugawa kwa kredi ili isiharibike. Basi kwa miezi miwili ya kwanza andika kila siku ulitengeneza ngapi na uliuza ngapi. Utaona pumzi ile kwa macho yako. Juu ya kredi, sisemi ukatae watu wote, huwezi kukaa katikati ya majirani vile. Lakini weka mupaka. Watu watatu, unaojua lango lao, na asiyelipa ya jana hapati ya leo. Kama unaogopa kumwambia, mwambie daftari iko kwa bwana. Wanaume wetu wanafaa mu kazi hii.

Funika beseni yako. Magari makubwa ya madini yanapita siku nzima, na vumbi yao si ya kula. Usichote maji ya mutoni unaopita chini ya viwanda, hata kama maji yanaonekana safi. Kipindupindu kinatembelea jimbo letu mara nyingi. Nawa mikono na sabuni, na weka maji ya kunawa kwa wanunuzi wako pia. Mafuta yaliyogeuka meusi, yatupe. Yanakuletea hasara siku moja, lakini muteja akiumwa na tumbo atasimulia mu bisi yote.

Na ile feza ya kuanza? Bwana alikuwa na wazo la kwenda kwa wale tunaowaita Banki Lambert, wanaokupa 100 na kungoja 130 ao 150 mwisho wa mwezi. Nilimuonyesha daftari tena: faida ya 4,500, kama siku ni nzuri. Mudai anakula ile faida mbele ya binti yako. Waliuza redio kubwa iliyolala mu chumba, wakapata feza ya unga ya siku tatu. Siku tatu zinatosha kuanza, kwa sababu ukishindwa siku ya kwanza unabaki na mbili za kujifunza.

Nakugeukia wewe kijana, kwa kifupi. Uko na diploma, umepeleka dosie ku kampuni tano, na unangoja simu. Endelea kungoja, sikuambii utupe diploma. Lakini kungoja si kazi ya siku nzima. Najua vijana wawili wanaouzisha mukate na mayai ya kukalanga pale bisi zinasimama, saa kumi na mbili mpaka saa tatu, kisha wanavaa shati safi na kuendelea kutafuta kazi. Mumoja wao aliniambia aliogopa siku moja tu, siku ambayo musichana waliyesoma naye alikuja kununua. Alilipa, akala, akasema chumvi ni kidogo. Ndivyo ilivyokwisha ile haya.

Sasa utataka kujua ya wale bwana na bibi. Siku ya kwanza walitengeneza 80 wakauza 61, kwa sababu mvua ilinyesha saa kumi na mbili na watu walikimbia. Bibi alinitumia mutoto na daftari nione, na pembeni aliandika kwa herufi kubwa: "MVUA". Siku ya pili 74. Juma la pili walikosa falanga 2,000 mu mukebe na hawakusemezana tena siku nzima. Ilionekana bwana alinunua sabuni akasahau kuandika. Mu juma la sita binti alirudi shuleni na sehemu ya kwanza ya masomo. Ya pili ingali inangoja.

Bwana hajakaa bado mbele ya beseni. Lakini yeye ndiye anawasha mbabula saa kumi ya usiku, na yeye ndiye anahesabu magaribi. Mwanzoni, kila aliposikia watu wanapita mu giza, aliingia ndani. Juma lililopita bibi aliniambia ya kwamba rafiki mumoja wa kazi alipita akienda kungoja bisi, akamuona bwana amechuchumaa, makala mukononi, uso mweusi kwa moshi. Rafiki akasimama. Bwana hakuingia ndani. Akamuuliza, "Unachukua ngapi?"

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya likelemba, kwa sababu bamama watatu wa Likasi wanauliza namna ya kufanya mutu akipokea zamu yake na kuhama muji. Kama uko na ushuhuda juu ya jambo hili, umupe katekista ao muchungaji wako, atatufikishia.